Mgeni Apewe Daftari Kabla ya Chaki

Nilikuwa mwalimu wa kujitolea katika shule ya msingi moja ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma, kaskazini ya Kibirizi, nilipoushuhudia wimbo uleule ukifundishwa darasani kwangu kwa mara ya nne ndani ya mwaka mmoja. Ni ule wimbo wa Kiingereza wa viungo vya mwili: kichwa, mabega, magoti, vidole. Binti aliyeufundisha alikuwa na miaka 19, ametoka kumaliza sekondari kwao Ulaya, amekuja Kigoma kwa wiki tatu kabla ya kuanza chuo. Alijituma kwelikweli. Jasho linamtiririka, sauti imemkauka, anaruka mbele ya watoto 86 wa darasa la tatu. Na watoto wakawa wanakosea. Akisema mabega wanashika magoti, wanacheka, wanarekebishwa, wanapiga makofi wakipatia.

Mimi nilikuwa nimekaa dawati la nyuma, na nilijua kwamba wimbo wanaujua wote. Walifundishwa na kundi la Februari, wakafundishwa na la Juni, wakafundishwa na la Agosti. Jioni nilimuuliza mmoja wao, mtoto wa mvuvi, kwa nini alikuwa anakosea. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lililo wazi.

"Mwalimu, tukipatia mara moja, atafundisha nini kingine?"

Miaka imepita na jibu lile halijanitoka. Mtoto wa miaka tisa alikuwa ameshaona kitu ambacho sisi watu wazima, kuanzia ofisi ya mwalimu mkuu hadi kamati ya shule, hatukuthubutu kukitamka: kwamba mgeni wetu hana kingine cha kufundisha, kwamba kosa hilo si lake, na kwamba wenyeji ndio wanaofanya kazi ya kumsitiri. Darasani mle waliokuwa wanajitolea ni watoto.

Huko wanakotoka vijana hawa siku hizi kuna mjadala mkali juu ya safari za kujitolea, na wapo wanaotaka zikomeshwe kabisa. Mimi siko upande huo. Kijana anayeacha kwao, akapanda ndege, akaja kulala chini ya chandarua Ujiji au Kasulu kwa sababu anataka kumfaa mtu asiyemjua, ana kitu kizuri moyoni na sitaki kukizima. Ninachotaka kukisema kinatuhusu sisi tunaopokea. Tumejivua jukumu la kumpangia mgeni kazi, na tukishajivua jukumu hilo kila kitu kingine kinaharibika chenyewe.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1961, mwaka uleule wa uhuru, kundi la kwanza la vijana wa Peace Corps, shirika la kujitolea la serikali ya Marekani, lilipokuja Tanganyika lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia. Walikuja watu wa namna hiyo kwa sababu nchi ilikuwa inahitaji barabara na ramani za miamba, na ilisema hivyo. Kabla ya kupewa kazi walifundishwa Kiswahili. Waingereza nao, kupitia shirika lao la VSO lililoanza mwaka 1958, walitangulia kupeleka nchi za nje vijana waliotoka tu shuleni. Kadiri miaka ilivyokwenda wakaachana na utaratibu huo, wakawa wanatafuta watu wenye taaluma na uzoefu. Yaani wale wale waliobuni jambo hili waligundua mapema kwamba moyo peke yake hautoshi. Kilichokuja baadaye ni biashara: safari ya wiki mbili au tatu, inalipiwa kama utalii, na ndani yake kuna mbuga, ufukwe na siku kadhaa za kuwa mwalimu. Anayechagua kazi ni mnunuzi wa safari. Shule inapewa taarifa tu ya tarehe ya kuwasili.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tunaitumia methali hiyo kumcheka mgeni anayekaa sana, tukasahau kwamba ndani yake mna utaratibu. Siku mbili za kwanza mgeni anakaa, anakula, anaangalia. Anaonyeshwa mpaka wa shamba. Anajifunza kutofautisha mche wa maharage na magugu. Ukimpa jembe asubuhi ya kwanza atang'oa maharage yako kwa bidii kubwa, na utashindwa hata kumkemea kwa sababu unaona anavyotoka jasho. Shuleni kwetu tulikuwa tunampa mgeni chaki saa mbili baada ya kushuka kwenye boti.

Kuna watakaonijibu kwa jina moja: Jane Goodall, yule Mwingereza mtafiti wa sokwe. Na ni jibu zito, hasa likitolewa Kigoma, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Aliwasili Gombe, msitu wa kando ya ziwa kaskazini mwa Kigoma mjini, Julai 1960 akiwa na miaka 26. Hakuwa na shahada. Aliaminiwa na Louis Leakey, mtafiti wa chimbuko la binadamu, akaja na mama yake mzazi kwa sababu watawala wa kikoloni hawakukubali mwanamke kijana akae peke yake porini. Kwa vipimo vya leo ni mgeni kijana asiye na cheti katika nchi asiyoijua. Na akaifanya kazi ambayo hadi anafariki, Oktoba 1, 2025, dunia nzima ilikuwa inaifahamu. Je, hilo halithibitishi kwamba moyo unatosha?

Tazameni alichokifanya miezi ile ya mwanzo. Alikaa na kuangalia. Sokwe walikuwa wanamkimbia, naye akarudi kesho yake, na kesho kutwa, na darubini na daftari, akiongozwa na wenyeji waliozijua njia za milima ile. Novemba ya mwaka huo ndipo alipomwona sokwe akichomeka kijiti cha nyasi kwenye kichuguu na kuvua mchwa, jambo lililowalazimisha wanasayansi kufikiri upya maana ya chombo na maana ya binadamu. Alikuja kuwa mwanafunzi wa mahali, na mahali pakamfundisha. Hakuna mgonjwa aliyewekwa mikononi mwake, wala darasa. Angekosea, hasara ingekuwa ya daftari lake.

Lakini sehemu ya habari ya Gombe ninayoitaka zaidi ni ile isiyosimuliwa sana. Mei 1975, usiku, watu wenye silaha wa kundi la waasi la Laurent Kabila walivuka ziwa kutoka upande wa Zaire, Kongo ya leo, wakawateka vijana wanne, watatu wanafunzi kutoka Marekani na mmoja Mholanzi. Wote wanne hatimaye waliachiwa, lakini wanafunzi wa kigeni hawakuweza tena kukaa Gombe kama zamani. Hapo kazi ilikuwa na kila sababu ya kufa. Haikufa, kwa sababu wasaidizi wa Kitanzania, watu kama Hilali Matama na wenzake wa vijiji vya ziwani, walikuwa wanajua kila sokwe kwa sura na jina na wanajua namna ya kuandika alichokula, aliyekutana naye na saa ngapi. Waliendelea kupanda mlima kila asubuhi. Kumbukumbu za Gombe ni miongoni mwa tafiti ndefu kuliko zote duniani za wanyama wa porini kwa sababu wapo watu wa Kigoma waliobaki wageni walipoondoka.

Hiki ndicho kipimo changu, na sijaona kingine kinachokizidi. Muulize mgeni, au jiulize wewe unayempokea: akiondoka ghafla usiku wa leo, kesho asubuhi nani anaendelea? Kama jibu lipo, yaani kuna mwenyeji aliyeishika kazi kabla yake na ataishika baada yake, mgeni huyo ni mkono wa ziada na karibu sana. Kama jibu halipo, hakuna kazi iliyokuwa inafanyika.

Mwezi Mei wa mwaka 2015 tulikifanyia kipimo hiki jaribio tusilolitaka. Burundi ilipochafuka, makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka wakajaa Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya milima na ziwa, hakuna barabara ya gari. Kisha kipindupindu kikaingia. Maelfu waliugua na wasiopungua 30 walifariki. MV Liemba, meli ya tangu enzi za Mjerumani, ikawa inakwenda na kurudi kuwachukua watu kuwaleta Kigoma mjini, na Uwanja wa Lake Tanganyika ukageuka mahali pa kupumzikia kabla ya mabasi ya kwenda kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Mashirika makubwa yalikuja na yalifanya kazi kubwa, nayasifu bila kusita. Ila mkono wa kwanza ulikuwa wa wanakijiji wa Kagunga waliogawa vyakula na maji yao wenyewe, kisha wakafuata vijana wa kujitolea wa hapa hapa. Na vijana hao walikuwa na kitu ambacho hakinunuliki: lugha. Kiha na Kirundi zinasikilizana. Kijana wa Kagunga aliweza kuinama sikioni kwa bibi aliyeishiwa nguvu akamwambia kwa lugha ya nyumbani kwao kwamba anywe haya maji, yana chumvi na sukari, yanywe kidogo kidogo hata kama unatapika. Kwenye kipindupindu, tofauti kati ya bibi anayekunywa na bibi anayekataa kwa hofu ni tofauti ya uhai. Mgeni mwenye moyo kama wa kijana yule angehitaji wakalimani wawili kufikisha sentensi hiyo, na sentensi ingefika imechelewa.

Kuna mahali ambapo sitaki kabisa tuwe wapole, napo ni kwenye afya na kwenye vituo vya watoto. Jinja, Uganda, kijana wa Marekani asiye na mafunzo ya udaktari wala uuguzi alianzisha kituo cha watoto wenye utapiamlo. Kati ya mwaka 2010 na 2015 zaidi ya watoto 100 walifariki wakiwa chini ya uangalizi wa kituo hicho. Mwaka 2019 akina mama wawili walifungua kesi, na mwaka uliofuata ikaisha kwa makubaliano, bila upande ulioshtakiwa kukiri kosa. Sisemi alitaka watoto wafe. Nasema hakuna aliyemzuia mlangoni. Kuhusu vituo vya yatima, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio mwezi Desemba 2019 linalozitaka nchi kuchukua hatua dhidi ya madhara ya programu za kujitolea katika vituo hivyo, kwa sababu imebainika sehemu nyingi duniani kwamba watoto wengi wanaoitwa yatima wana mzazi aliye hai, na kwamba palipo na wageni wanaolipa hutafutwa watoto wa kuwajaza. Mtoto anayekumbatiwa na mtu mpya kila wiki mbili kisha akaachwa anajifunza kwamba upendo una tarehe ya kuondoka. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni. Tuanze na kuuliza leseni iko wapi.

Nirudi kwenye shule, maana huko ndiko wageni wengi wanakofikia.

Rafiki yangu mmoja wa Ujiji alikwenda Ujerumani mwaka mmoja kupitia mpango wa serikali yao uitwao weltwärts, ulioanza mwaka 2008 kwa kuwapeleka vijana wa Kijerumani nchi zetu, kisha mwaka 2013 ukafungua mlango wa upande wa pili ili vijana wetu nao waende kwao. Alipelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Kabla ya kuondoka alisomeshwa Kijerumani, akatakiwa kupeleka cheti cha polisi, akakatiwa bima ya afya. Alipofika alipewa msimamizi mwenye jina na ofisi. Wiki tatu za kwanza kazi yake ilikuwa kutazama: jinsi ya kumnyanyua mzee bila kumuumiza, mzee gani anywe chai bila sukari, nani anaogopa maji ya kuoga. Aliniambia kwamba siku alipokabidhiwa ufunguo wa kabati la sahani, baada ya mwezi mzima, alijisikia kama amepandishwa cheo. Dawa hakuzigusa mwaka mzima.

Wajerumani hawakumdharau. Waliwaheshimu wazee wao. Utaratibu ule ule tukiuweka sisi kwa vijana wao hapa Mwandiga au Kakonko, hakuna mzazi wa Kijerumani atakayeshangaa. Atashangaa zaidi akijua kwamba binti yake wa miaka 19, ambaye kwao asingeruhusiwa kusimama peke yake mbele ya darasa hata kwa nusu saa, huku kwetu aliachiwa watoto 86.

Kwa nini tunawaachia? Nimewahi kumuuliza mwalimu mkuu wangu wa wakati ule, mtu ninayemheshimu. Alinijibu kwa upole kwamba mgeni hafukuzwi, na kwamba huwezi kujua: kundi moja likiondoka na picha nzuri, mwakani linaweza kuleta madawati. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Namwelewa. Shule yenye watoto wengi na madawati machache haina anasa ya kumkatalia mtu yeyote. Lakini madawati yalikuwa hayajafika bado nilipoondoka. Kilichofika ni rangi. Ukuta wa darasa la pili ulipakwa rangi mara tatu katika muda wangu, mara zote na wageni, na mara zote paa la darasa hilo lilikuwa linavuja pale pale juu ya kiti cha mwalimu.

Na katika hesabu hii kuna mtu anayesahaulika, naye ni mwalimu wa kujitolea wa Kitanzania. Nchi hii ina walimu wengi waliohitimu vyuo, wana stashahada na shahada, wanasubiri ajira, na wakati wanasubiri wanafundisha bila mshahara. Mimi nilikuwa nalipwa posho ya shilingi 60,000 kwa mwezi kutoka michango ya wazazi, ikipatikana. Isipopatikana, mzazi mmoja alikuwa ananiletea dumu la mawese na kuniomba radhi kana kwamba kosa ni lake. Nilikuwa na azimio la kazi, andalio la somo, madaftari ya kusahihisha kwa taa ya sola hadi saa nne usiku. Nauli ya ndege ya mgeni mmoja kutoka Ulaya hadi Kigoma na kurudi ilikuwa inazidi posho yangu ya miaka miwili.

Najua jibu la hoja hiyo na ni la haki: mgeni asingekuja, nauli ile isingenifikia mimi. Kweli. Tena mgeni anapokuja analipa nyumba ya kulala, anapanda bodaboda, anakula samaki wa mgebuka kwa mama lishe pale Kibirizi, na wapo wanaorudi kwao wakabaki marafiki wa kweli wa shule kwa miaka. Sina hamu ya kupima moyo wa mtu kwa bei ya tiketi. Kinachoniuma ni kingine. Kundi lilipokuwa linafika, mimi mwenye darasa ndiye niliyeondolewa mbele. Somo langu la kusoma na kuandika, lililokuwa limefika kwenye silabi mwambatano, lilisimama wiki tatu. Watoto walionizoea kusimama ubaoni waliniona nimekaa nyuma, na baadhi yao, nina hakika, walijifunza kutokana na hilo kitu juu yangu na juu yao wenyewe ambacho hakimo kwenye mtaala.

Geuza tu viti na habari inabadilika. Mwalimu wa Kitanzania abaki mbele. Mgeni akae nyuma na daftari wiki ya kwanza, ajifunze majina, ajifunze kusema "Sijaelewa, naomba rudia," ajue kwamba mtoto anayesinzia dirishani alikuwa ziwani na baba yake hadi alfajiri. Wiki ya pili asaidie kusahihisha, amsikilize mtoto mmoja mmoja akisoma, maana mwalimu mwenye watoto 86 hana muda huo na hapo mikono miwili ya ziada ni neema. Mwenye mwaka mzima afike mbali zaidi. Nilimwona mmoja wa namna hiyo, kijana fundi wa pampu za maji aliyeletwa na ombi la kijiji chenyewe. Miezi mitatu ya mwanzo alikuwa anamshikia spana fundi wa hapa. Alipoondoka alikuwa anaamkia wazee kwa Kiha na kubishana bei ya dagaa bila msaada, na fundi wa hapa alikuwa na kisanduku cha vipuri na anajua kukitumia. Pampu ile iliendelea kufanya kazi.

Darasa langu la zamani sasa analo mwalimu mwingine wa kujitolea, binti mwenye shahada ya ualimu, mwaka wa pili anasubiri ajira. Mwezi uliopita alinipigia simu. Kundi jingine linakuja Juni.

"Shikamoo dada," alisema, kisha akanyamaza kidogo. "Wakija, mimi nikae wapi?"

Nilimwandikia mwalimu mkuu wa sasa barua ya kurasa mbili kwa heshima zote, nikamweleza haya niliyoyaandika hapa, nikamuomba awaulize wenye safari nani aliyeomba waje na nani atawasimamia, na amwache mwalimu wake mbele ya darasa lake. Barua hajaijibu. Ila Jumatatu yule binti alinipigia tena, sauti imechangamka, kuniambia kwamba madawati mawili yamehamishwa kutoka stoo yakawekwa nyuma kabisa ya darasa la tatu, karibu na dirisha la upande wa ziwa, na mwalimu mkuu amemwambia yasikaliwe na mtu hadi wageni wafike.